Maunti ya kamera ni nini, na kwa nini uichague kabla ya bodi

Maunti ni ile pete ya chuma iliyo mbele ya kamera, mahali lenzi inapofungwa. Ndani yake kuna vijipini vya kupitisha umeme, na kupitia hivyo bodi, yaani mwili wa kamera wenyewe, huiambia lenzi fokasi (ukali wa picha) iende wapi na tundu la kuingizia mwanga lifunguke kiasi gani. Canon ina maunti yake, Nikon yake, Sony yake, wala haziingiliani. Kwa hiyo anayeuliza kama anunue Canon R50 au Sony a6400 anachagua ukoo wa lenzi atakaokaa nao miaka. Bodi utaibadilisha, lenzi nzuri utabaki nayo.

Kamera za DSLR, zile za mtindo wa zamani, zina kioo nyuma ya lenzi, kinachopeleka taswira juu kwenye dirisha la kuchungulia. Kioo hicho kinataka nafasi ya kunyanyuka, ndiyo maana lenzi hukaa mbali na sensa, kile kipande kinachonasa picha: milimita 44 kwa maunti ya EF ya Canon, 46.5 kwa F ya Nikon. Kamera mpya za mirolesi hazina kioo, na umbali umeshuka hadi milimita 20 kwa RF ya Canon, 18 kwa E ya Sony, 16 kwa Z ya Nikon.

Pengo hilo ndilo linalomwokoa mwenye lenzi za zamani. Adapta ya EF kwenda RF ni bomba la milimita 24 tu, tupu ndani, lenye vijipini huku na huku. Mpiga picha wa harusi hapa Bagamoyo mwenye lenzi yake ya EF ya milimita 50 ataifunga kwenye bodi mpya ya RF na fokasi itafanya kazi. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haikai kwenye bodi ya EF.

Upande wa Nikon, kuwa makini. Adapta yake ya FTZ, ya kufunga lenzi za F kwenye bodi ya Z, haina mota, na zile lenzi kongwe za AF-D hutegemea mota ya bodi, hivyo fokasi utaizungusha kwa mkono. Picha ya magofu ya Kaole utapata. Ngoma ikikolea usiku jukwaani kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, mchezaji hakungoji.

Sony E ipo tangu 2010, na kampuni za lenzi za Sigma na Tamron wameijaza lenzi nzuri za bei nafuu. Canon RF ilitoka 2018, na kwa miaka mingi lenzi zake zenye fokasi ya kujiendesha zilitoka kwa Canon wenyewe karibu zote. 2024 ndipo Sigma na Tamron walipoanza kutoa za RF, tena za kamera zenye sensa ndogo. Kwa mfuko mdogo, mimi ningeegemea Sony, isipokuwa kama tayari una EF kabatini.

Maunti moja pia haimaanishi sensa za ukubwa mmoja. Sensa ya fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. Ya R50 ni ndogo, na lenzi ya milimita 50 juu yake huona kama ya 80. Ndani ya sebule ya nyumba ya Mji Mkongwe utagandana na ukuta kabla bibi harusi na mashangazi zake hawajaenea kwenye picha.

Jambo la pwani: mirolesi ikivuliwa lenzi, sensa hubaki wazi, ingawa baadhi ya bodi hufunga shata, pazia la mbele ya sensa, ukizima. Pale soko la samaki, upepo ukivuma, usibadilishe lenzi ufukweni. Ingia ndani kwanza, geuza kamera uso chini.

Ukienda Kariakoo, ulizia kwanza bei ya lenzi mbili unazozihitaji kwenye kila maunti, ndipo uulizie bodi. Ikiwa ni ya mtumba, ivue lenzi utazame vijipini kama vina madoa ya kijani ya chumvi, kisha uifunge tena na kuitikisa polepole. Ikicheza kwenye pete, muachie mwenyewe.