Wajir: amani haikuletwa na machozi ya akina mama

Wengi hudhani wanawake huleta amani kwa sababu wao kwa asili ni wapole: wanalia, wanaandamana, wanaume wanaona haya na kuweka bunduki chini. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, haikuwa hivyo hata kidogo.

Mapigano ya koo yalipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, chuki ilifika hadi sokoni. Wanawake wenyewe walikataa kuuziana bidhaa na wa ukoo mwingine. Upole huo ulikuwa wapi?

Kundi dogo la wanawake wa koo tofauti, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi, lilianzia hapo hapo sokoni. Waliunda kamati ya kuhakikisha kila mwanamke, awe wa ukoo gani, anaingia, anauza na ananunua. Ugomvi ukizuka, kamati inauamua. Soko lilipotulia ndipo wakawaendea wazee, wakitanguliza wa koo ndogo zisizo na upande vitani, maana mzee wa ukoo mkubwa akiitisha kikao, mahasimu hunusa mtego. Vikao hivyo vilizaa Azimio la Al-Fatah, 1993, yaani makubaliano ya wazee wa koo ya kurejesha amani.

Azimio peke yake halilindi mtu. Mifugo ikiibwa leo, kesho kuna kisasi. Kwa hiyo kiliundwa kikosi cha kufika haraka kwenye tukio: wazee, wanawake, vijana na maofisa wa usalama. Mwaka 1995 kazi yote iliingizwa kwenye kamati ya maendeleo ya wilaya, chini ya mkuu wa wilaya.