Anza na Panja Zako: Maswali na Majibu Kuhusu Kusuka na Kutunza Nywele Bila Kuzipoteza

"Ukitaka uzuri sharti udhurike." Msemo huu nimeusikia kwenye kiti cha msusi kuliko mahali pengine popote. Msusi anavuta, mteja anakunja uso, na aliyekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake anautamka ili kumtia moyo mwenzake. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara na wanawake ninapofundisha kuhusu afya ya ngozi na nywele, na mengi yake yanarudi kwenye msemo huo.

Nina uso wa duara na paji pana. Mtindo gani utanipendeza?

Kabla ya kufikiria umbo la uso, simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha. Rudisha nywele nyuma kwa kiganja, utazame panja zako zote mbili. Kisha tafuta picha yako ya miaka mitano iliyopita, ulinganishe. Mstari wa nywele uko palepale, au umerudi nyuma? Nywele za hapo ni nene kama za utosini, au zimebaki nyepesi kiasi kwamba ngozi inaonekana? Paji pana si kila mara paji ulilozaliwa nalo. Nimeshuhudia dada aliyeamini ana paji kubwa kama la baba yake, mpaka tulipotazama picha ya kitambulisho chake cha zamani tukaona nywele zimeanzia mbele zaidi, karibu upana wa vidole viwili.

Kama panja zimejaa, uwanja ni wako. Uso wa duara hupendezwa na mtindo unaoongeza kimo juu, kama afro iliyoinuliwa au mabutu yaliyokusanywa utosini bila kukazwa. Uso mrefu unataka upana wa pembeni. Paji pana hupendezwa na nywele zinazoangukia mbele, kama twisti fupi zilizoachiwa. Cha kusikitisha ni kwamba mwenye paji pana ndiye anayesukwa rasta ndogondogo zilizovutwa zote nyuma, mtindo unaoanika kile anachotaka kukificha na kukiongeza kila mwaka.

Kama panja zimeanza kupungua, chagua mtindo usiozigusa kabisa. Ile misuko mikubwa ya haraka tunayoiita twende kilioni, kwa nywele zako mwenyewe na bila kuongeza rasta, ni salama kuliko mitindo mingi ya gharama, mradi mkono wa msusi uwe mwepesi.

Msusi wangu anasema lazima ivute kidogo ndiyo idumu. Ni kweli?

Si kweli, na natamani kila mmoja wetu angejua kinachotokea chini ya ngozi. Kila unywele umekaa ndani ya kifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi. Chini kabisa ya kifuko hicho ndipo unywele unapotengenezwa, kwa mwendo wa karibu sentimita 1 kwa mwezi. Unywele ukivutwa mchana na usiku, kifuko huvimba. Dalili ya kwanza ni maumivu. Ya pili ni vipele vidogo kuzunguka mizizi, vingine vyenye kidoa cha usaha, ambavyo wengi wetu tunavipaka jeli na kuendelea na safari. Ukitazama kwa karibu utaona hata ngozi yenyewe imeinuka pale msuko unapoanzia, kama turubai linavyoinuliwa na nguzo ya katikati.

Ukishindwa kufumba macho vizuri usiku wa kwanza, ukashindwa kulalia ubavu, ukameza dawa ya maumivu ndipo upate usingizi, msuko huo umebana. Wala hautadumu zaidi kwa kubana kwake. Kinachouchakaza msuko ni nywele mpya zinazoota chini yake, nazo zitaota tu, umebanwa au hukubanwa.

Upara huu unaoletwa na mvuto unajulikana kwa madaktari muda mrefu. Mwaka 1907 daktari aitwaye Trebitsch aliueleza kwa wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kuzibana sana. Wanawake hao hawakuwa na nywele za kipilipili wala hawakusuka rasta. Wanaume wa Kisingasinga wanaofunga nywele kwa kukaza chini ya kilemba tangu utotoni hupatwa pia. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba tatizo ni udhaifu wa nywele za Mwafrika, usikubali. Tatizo ni mvuto, na sisi tunavutwa sana: Afrika Kusini, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuwapima watu wazima, na karibu theluthi moja ya wanawake walikutwa na upara huu.

Panja zangu zimeshatoka. Zitarudi?

Inategemea zimetoka tangu lini. Pitisha kidole taratibu. Ukiona vitundu vidogo vya nywele kwenye ngozi na malaika laini vinachomoza, vifuko bado viko hai. Acha kuvuta kabisa, si kwa wiki mbili, kwa miezi, na mara nyingi nywele zitaanza kuonekana ndani ya miezi mitatu hadi sita. Lakini ngozi ikiwa nyororo, inang'aa, haina vitundu, hapo kifuko kimegeuka kovu, na kovu halioti nywele.

Jambo moja la kutazama: mara nyingi hubaki mstari mwembamba wa vinywele mbele kabisa, kisha nyuma yake ndipo penye pengo. Vinywele hivyo vilisalimika kwa sababu vilikuwa vifupi mno, kidole cha msusi hakikuweza kuvishika. Mstari huo humsaidia daktari wa ngozi kutambua kwamba ni mvuto na si ugonjwa mwingine.

Ukiwahi, tiba ipo. Kuna dawa za kutuliza uvimbe, kuna za usaha kama vipele vipo, na kuna minoksidili, dawa ya kupaka ya kuchochea nywele kuota, ambayo hutaka uvumilivu wa miezi na haimfai mjamzito wala anayenyonyesha. Zote aandike mtaalamu. Makosa makubwa ninayoyaona ni kulificha pengo kwa wigi lililogandishwa kwa gundi, au kumwomba msusi ajitahidi kuvishika hata vile vinywele vilivyobaki. Hapo unakimalizia kile kilichokuwa kimesalimika.

Vipi mafuta ya mnyonyo na maji ya kitunguu?

Mafuta ya mnyonyo hulainisha na kupunguza kukatika. Hayafufui kifuko kilichokufa. Maji ya kitunguu yanaweza kuichoma ngozi iliyokwisha kuvimba, kwa hiyo mimi siyashauri. Kama una mba, kupaka mafuta mazito kwenye ngozi ya kichwa huuzidisha mba wenyewe.

Nimeweka dawa. Naweza kusuka wiki hiyohiyo?

Hapana. Dawa ya kulainisha nywele ni kemikali kali ya jamii ya kostiki soda. Inafanya kazi kwa kuvunja vifungo vinavyoupa unywele umbo na nguvu, ndiyo maana kipilipili kinalala. Unywele uliotoka kwenye dawa ukiongezewa uzito wa rasta ni kama uzi uliochakaa unaofungiwa ndoo. Utafiti wa Afrika Kusini ulionyesha hatari inapanda pale mvuto unapoongezwa juu ya nywele zenye dawa. Subiri walau wiki mbili. Na ukifumua rasta leo, usiweke dawa leo wala kesho, kwa maana kichwa kina mikwaruzo hata kama huioni.

Retachi, yaani kurudia dawa nywele mpya zikiota, isifanywe kabla ya wiki nane, na ipakwe kwenye nywele mpya tu. Paka mafuta mazito ya mgando kwenye mstari wa nywele, masikio na shingo kabla ya kuanza. Ikianza kuwasha, ioshe. Kuna imani kwamba ikiwasha ndiyo inashika. Kinachoshikwa hapo ni ngozi yako.

Nataka kujitengeneza mwenyewe nyumbani. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kufumua, maana nywele nyingi hukatikia hapo na si kwenye kusuka. Kata rasta chini ya mwisho wa nywele zako, fumua taratibu, na ukifika kwenye mzizi utakuta kijiuchafu cha kijivu kimeganda. Ni mafuta, vumbi na ngozi iliyokufa. Usimwagie maji kabla ya kukitoa, kitagandamana na nywele kama sufi. Kipake kondishna au mafuta, ukichambue kwa vidole.

Usiogope rundo la nywele mkononi. Kila mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, na ukiwa umesuka hazina pa kuangukia. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo nywele 2,000 hadi 4,000 kutoka siku ya kufumua ni jambo la kawaida. Chukua unywele mmoja uushike kwenye mwanga. Ukiwa na kijitone cheupe mwishoni, ulidondoka wenyewe kwa wakati wake. Usipokuwa nacho na ukawa mfupi, umekatika, na hapo ujiulize kuhusu chanuo lako, pasi yako au ukavu.

Baada ya hapo gawa kichwa mafungu manne hadi sita, uyabane kila moja. Shampuu iende kwenye ngozi ya kichwa, usugue kwa ncha za vidole, usitumie kucha. Kondishna iende kwenye urefu wa nywele. Chana zikiwa na kondishna bado, kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia nchani na kupanda kuelekea mzizi. Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya asili ya ngozi hayashuki kirahisi mpaka nchani kama kwenye nywele za singa. Ndiyo maana kuosha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili kunatosha, na ndiyo maana nchani hukauka upesi.

Nywele zikiwa na unyevu, paka mafuta ya nazi kidogo. Bibi zetu wa pwani walikuwa sahihi: mafuta ya nazi yana sifa ya kupenya ndani ya unywele, tofauti na mafuta mengi yanayobaki juu. Sokota twisti au funga mabutu, ulale na kitambaa cha satini, na usiyafungue mpaka yakauke kabisa. Ukiyafungua na unyevu, mawimbi yote hupotea na nywele zinavurugika, nawe utadhani umekosea mtindo.

Rasta zisizidi wiki nane kichwani, kisha ukipe kichwa mapumziko ya wiki mbili au zaidi. Chagua urefu wa mabega badala ya kiuno. Uzito nao ni mvuto.

Na pasi ya nywele?

Isiguse nywele zenye maji. Ukisikia inachachatika kama kitu kilichotiwa kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo ndani ya unywele yanachemka na kutengeneza mapovu yanayoupasua kutoka ndani. Weka joto lisizidi nyuzi 180, pitisha mara moja, na usiizoee kila siku. Chanuo la moto la kwenye jiko la mkaa liache, kwa sababu huna namna ya kujua lina joto kiasi gani.

Navaa ushungi kila siku. Nywele zinakatika mbele na kisogoni.

Ushungi wenyewe hauna kosa. Tazama kibanio kilicho chini yake na ile kofia ya ndani inayobana. Hamisha kibanio, leo chini, kesho kati, keshokutwa achia kabisa. Vaa kofia ya satini ndani, usifunge nywele mbichi baada ya kuoga, na ukifika nyumbani fungua.

Mwanangu wa miaka mitano analia akisukwa. Ni deko?

Mama, mwamini mtoto. Ngozi yake ni changa na vinywele vyake ni laini. Msukie njia chache kubwa, bila rasta za kuongeza, na dawa asiwekewe kabisa. Akiwa na viraka vyenye magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi, hayo huenda ni mapunye. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake, yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya. Chanuo na taulo lake visitumiwe na wengine.

Lini niende hospitali?

Nenda mapema ukiona usaha, maumivu yasiyoisha siku mbili tatu baada ya kulegeza msuko, kiraka cha duara kilicho laini kabisa, au nywele zinazopungua kuanzia utosini zikiambatana na kuwasha au kuungua. Hilo la utosini ni ugonjwa tofauti na wa mvuto, na huacha kovu kimyakimya, kwa hiyo usilisubirie. Mama aliyejifungua miezi miwili hadi minne iliyopita anaweza kuona nywele zinapukutika kichwa kizima. Hizo kwa kawaida hurudi zenyewe, ila ukihisi uchovu mwingi omba upimwe damu. Kwa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo ukifika hospitali ya mkoa uliza kama kuna mmoja wao.

Naona aibu kumwambia msusi alegeze. Nisemeje?

Sema kabla hajaanza, si akiwa amefika nusu ya kichwa. "Dada, mbele hapa nimeumia, naomba uanzie nyuma ya huu mstari, hivi vinywele vidogo uviache." Muonyeshe kwa kidole. Akisuka mitatu ya kwanza, inua nyusi, fumba macho, geuza shingo huku na huku. Ikivuta, mwambie, "Hii ya hapa tufumue turudie." Msusi mzuri atarudia. Na yule akinuna, lipa alichosuka, uage vizuri, uende kwa mwingine.