Je, wajua kwa nini Mturuki huuita udhu "abdest"?

Mswahili anayetawadha kabla ya sala hutumia maneno yenye asili ya Kiarabu karibu yote: udhu, tohara, janaba, najisi, tayamamu. Mturuki wa Istanbul, anayeosha uso, mikono na miguu kwa amri ileile ya Sura ya Al-Maida, aya ya 6, huuita udhu wake "abdest" na sala yake huiita "namaz". Maneno hayo si ya Kiarabu wala si ya Kituruki; ni ya Kiajemi.

"Ab" ni maji na "dast" ni mkono. Neno "namaz" ni kongwe zaidi kuliko Uislamu wenyewe katika Iran, kwani katika Kiajemi cha zama za Wasasani, wafalme wa Iran kabla ya Uislamu, lilimaanisha kuinama kwa heshima, na wafuasi wa Zoroaster, nabii wa dini ya kale ya Iran, ambao nao hunawa kabla ya kuomba, walikuwa na neno "padyab" kwa josho hilo. Kwa hiyo Waajemi waliposilimu kuanzia karne ya 7, dini mpya iliwakuta na msamiati wa ibada uliokwisha kukomaa. Narshakhi, mwanahistoria wa karne ya 10 wa Bukhara, mji wa Asia ya Kati, anasimulia kwamba watu wa mji huo, mwanzoni mwa Uislamu wao, walisoma Kurani kwa Kiajemi ndani ya sala kwa kuwa Kiarabu kiliwashinda.

Waturuki wa Asia ya Kati walifundishwa dini, kwa sehemu kubwa, na wasemaji hao wa Kiajemi, na ndiyo maana walipokea maneno pamoja na imani. Hata josho la janaba wakaliita "boy abdesti", yaani udhu wa kimo kizima, jina ambalo kwangu lina uzuri wa pekee. Waosmani, watawala wa dola ya Kituruki, wakalifikisha neno "abdest" hadi Bosnia, linakotumika mpaka leo. Wakurdi nao husema "destnimêj", mkono na sala.

La kustaajabisha ni kwamba Iran yenyewe imeliacha "abdast". Fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, ilifundishwa kwa Kiarabu, na Muirani wa leo husema "vozu" na "ghosl", ingawa kitu kisafi bado hukiita kwa neno lake la kale, "pak", na kinyume chake hukiita kwa Kiarabu, "najes".

Pwani yetu ilisomeshwa na masharifu na mashekhe wa Hadhramaut, kusini mwa Yemen, wa madhehebu ya Shafii, waliofundisha kutoka vitabu vya Kiarabu, na kwa hiyo tukapata udhu. Hata hivyo, birika tunalomiminia maji ya kutawadhia lina nasaba nyingine: linatokana na "ibriq" ya Kiarabu, ambayo wingi wake, "abariq", umo katika Sura ya Al-Waqia, aya ya 18, nayo "ibriq" ilitokana na neno la Kiajemi linalounganisha "rez", kumimina, na "ab" ileile ya "abdest".