Jina Linnéa: Asili Yake na Utaratibu wa Kulisajili Nchini Sweden

Maswali tunayopokea kutoka kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili na kuishi Sweden kuhusu jina la kike Linnéa yameongezeka, na mengi yanatokana na dhana mbili: kwamba ni jina la mtakatifu, na kwamba mgeni hawezi kumpa mwanawe jina la Kisweden bila kibali. Dhana zote mbili hazina msingi.

Jina hili limetokana na ua. Linnaea borealis ni mmea unaotambaa katika misitu ya misonobari ya kaskazini, na kikonyo chake chembamba hugawanyika juu na kuning'iniza maua mawili ya waridi yenye umbo la kengele. Mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Jan Frederik Gronovius, ndiye aliyeupa jina hilo kwa heshima ya mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus (1707–1778). Si kweli, kama wengi wanavyong'ang'ania, kwamba Linnaeus alijitukuza mwenyewe. Hata hivyo aliupenda mno, na katika picha aliyochorwa na Martin Hoffman mwaka 1737 anaonekana amevaa mavazi ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia, ua hilo likiwa mkononi. Jina la ukoo lenyewe halikuwa la kale, kwani baba yake, Nils, alipohitaji jina la kujiandikisha chuo kikuu, alilichukua kutoka kwa mti mkubwa, ambao Wasweden huuita lind, uliokuwa katika ardhi ya familia. Siku ya jina Linnéa katika kalenda ya Kisweden ni 13 Mei.

Wasweden wengi humpa binti jina hili kama la pili, wakalitanguliza jingine analoitwa kila siku. Hapo ndipo wazazi hukosea: majina yote hupelekwa pamoja, na lile la kuitwa huonyeshwa wazi.

Kwa mujibu wa sheria ya majina iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2017, wazazi hutoa taarifa kwa Skatteverket, mamlaka ya kodi ambayo ndiyo inayotunza pia daftari la wakazi, ndani ya miezi mitatu tangu mtoto azaliwe. Ikiwa walezi ni wawili, wote wawili huthibitisha. Saini ya mmoja haitoshi, hata kama mwenzake yuko safarini. Jina hukataliwa iwapo linaweza kuwaudhi watu, kumletea mhusika usumbufu au ikiwa halifai waziwazi kwa sababu nyingine, na Linnéa haliangukii popote hapo. Uraia wa mzazi hauhusiki, na tungeomba swali hilo lisirudiwe.

Wanaopuuza wajibu huu wakumbuke kesi ya mji wa Halmstad, Sweden, ya mwaka 1996, chini ya sheria iliyotangulia, ambapo wazazi waliotozwa faini ya kronor 5,000 kwa kutosajili jina la mtoto wao wa miaka mitano waliwasilisha jina la herufi na tarakimu 43 kwa kupinga. Jina hilo lilikataliwa.

Kuhusu tahajia, Linnéa na Linnea zote hutumika, kwa hiyo mzazi aangalie alichoandika kabla ya kutuma. Katika mistari miwili ya chini ya ukurasa wa pasipoti, inayosomwa na mashine, alama juu ya herufi e haiandikwi kamwe, na hilo si kosa la karani.