Je, wajua? Weusi wa Marekani waliwahi kuwa ngome ya Republican

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Wamarekani weusi huipigia kura Democratic kwa sababu ndicho chama kilichowakomboa utumwani. Nilikosea kabisa. Abraham Lincoln, aliyetangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi mwaka 1863, alikuwa Republican. Democratic kilikuwa chama cha mabwana wa Kusini, na ndicho kilichosimika sheria za ubaguzi huko. Weusi walioweza kupiga kura walishikamana na chama cha Lincoln hadi Rais Franklin Roosevelt wa Democratic alipowavuta miaka ya 1930, na hata mwaka 1960 Richard Nixon wa Republican alipata karibu theluthi ya kura zao.

Kilichopindua mambo ni mwaka 1964. Rais Lyndon Johnson wa Democratic alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia tarehe 2 Julai. La ajabu ni kwamba bungeni, kwa uwiano, Republican waliiunga mkono kuliko Democratic! Lakini Republican wakamsimamisha Barry Goldwater, seneta aliyeipinga, kugombea urais mwaka huo. Kura za weusi zikamkimbia. Lakini Mississippi, jimbo la Kusini ambako weusi wengi walizuiwa kupiga kura, akazoa asilimia 87. Tangu hapo hakuna mgombea urais wa Democratic aliyepata kura za weupe walio wengi.

Vyama vikigawanyika hivyo kwa rangi, uhasama kati yao unazaliwaje? Chukua mtaa wa Simba na Yanga. Wewe ni Simba, shemeji yako Yanga, na mnayesali naye safu moja ni Yanga. Timu ikifungwa mtataniana, kesho mtazikana. Sasa Simba wote wahamie ng'ambo ya mto, wasali kwao, waoane wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyeipenda timu kuliko jana, ila kila goli sasa linaupiga mtaa mzima na ukoo mzima, na shemeji wa kupoza hayupo.

Zamani ugomvi wa rangi ulikuwa ndani ya kila chama. Polepole ukahamia kati ya vyama: Republican walipata wingi wa viti vya Kusini katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1994 tu, miaka 30 baada ya Goldwater.

Rangi haikufanya kazi hiyo peke yake. Dini na tofauti ya mjini na vijijini zilivuta upande uleule. Wala rangi haimpi mtu msimamo: weusi wengi wanaojiita wahafidhina, msimamo unaohusishwa na Republican, bado huichagua Democratic, na mwaka 2024 Donald Trump alipata zaidi ya asilimia 40 ya kura za Walatino.