Kizazi na usiku: somo kutoka kwa kima

Wakunga wa Bukavu hawashangai kubishiwa hodi saa nane za usiku. Uchungu wa kuzaa hupenda giza, na si kwa binadamu peke yake. Kwa kima wa Asia aitwaye rhesus, anayebeba mimba kwa siku zipatazo 165, mchana msuli wa kizazi hujikaza polepole na kwa muda mrefu bila kusukuma chochote. Siku za kuzaa zikikaribia, mikazo ya usiku huwa mifupi, yenye nguvu na ya kufuatana, kisha hutulia alfajiri, mpaka ufike usiku ambao haitulii tena.

Oksitosini, homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, huongezeka usiku katika damu ya mama. Lakini kizazi huitikia vizuri pale tu kinapokuwa na vipokezi vya kutosha, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni, na estrojeni, homoni nyingine ya mama, ndiyo inayoviandaa. Hapa kima walitufundisha jambo lisilotarajiwa: waliotiwa estrojeni katika damu walipata mikazo bila kuzaa, ilhali waliopewa androstenedioni, ambayo kondo la nyuma huigeuza kuwa estrojeni papo hapo lilipo, walizaa kabla ya wakati. Mahali homoni inapotengenezwa ni muhimu sawa na wingi wake.

Kondoo, ambaye alichunguzwa sana kabla ya hapo, angetupotosha. Kwake projesteroni, homoni inayotuliza kizazi, hushuka katika damu kabla ya kuzaa. Kwa kima na kwa mwanamke haishuki hivyo, bali kizazi chenyewe huacha kuisikiliza.

Dawa za kutuliza mikazo hupita njia mbalimbali: atosibani huziba vipokezi vya oksitosini, nifedipini huzuia kalsiamu, ambayo msuli huihitaji ili ujikaze, kuingia katika msuli, na indometasini hupunguza prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea mikazo, ingawa hii ya mwisho inaweza kuudhuru moyo wa mtoto aliye tumboni.

Kinyume chake, oksitosini inayopewa mama kuongeza uchungu huhesabiwa tone kwa tone, kwa kuwa ikizidi humkosesha mtoto hewa na huweza hata kupasua kizazi. Baada ya mtoto kutoka, sindano ya yuniti 10 huzuia mama kuvuja damu, mradi dawa imehifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara, mkunga anayepokea chupa hiyo ana haki ya kuuliza ililala wapi jana.