Jimbo la Livonia: Taja Wilaya na Usharika, Usitaje Nchi ya Leo

Tangu vitabu vya kanisa vya majimbo ya Baltiki ya Urusi ya kifalme vianze kusomeka mtandaoni, maombi yanayofika kwenye dawati letu la watafiti yameongezeka, na malalamiko ya waombaji wanaorudishiwa fomu yameongezeka vilevile. Fomu nyingi hukwama kwa kosa moja: mwombaji ameandika kuwa babu wa ukoo alizaliwa «Livonia, yaani Latvia». Livonia, jimbo la Urusi ya kifalme ambalo ardhi yake leo imegawanyika kati ya Estonia na Latvia, haikuwa Latvia, na kosa hilo humpeleka mtu kwenye kumbukumbu za nchi nyingine kabisa.

Riga ilisalimu amri kwa majeshi ya Urusi mwaka 1710, mfalme wa Urusi, Peter Mkuu, akaunda hapo Jimbo la Riga mwaka 1713, na Mkataba wa Nystad wa 1721 ukaifanya Uswidi iachie rasmi eneo hilo. Malkia wa Urusi, Catherine wa Pili, alibadili muundo wa jimbo hilo mwaka 1783. Mwanawe, Paul wa Kwanza, akaurejesha utaratibu wa zamani mwaka 1796, na tangu hapo jina likawa Jimbo la Livonia, makao makuu yakiwa Riga. Mashamba makubwa, mahakama na uongozi wa kanisa la Kilutheri vilibaki mikononi mwa Wajerumani wa Baltiki, ilhali wakulima walikuwa Walatvia upande wa kusini na Waestonia upande wa kaskazini.

Jimbo lilikuwa na wilaya tisa. Riga, Wolmar, Wenden na Walk zilikuwa za Walatvia kwa sehemu kubwa. Werro, Dorpat, Pernau, Fellin na Arensburg, hii ya mwisho ikiwa kisiwani Ösel, zilikuwa za Waestonia. Wolmar, Walk, Werro na Fellin zilitokana na mageuzi ya Catherine, kwa hiyo anayetafuta habari za mwaka 1760 asiziulizie kwa majina hayo.

Mwaka 1917 Serikali ya Mpito ya Urusi ilizihamishia wilaya za Waestonia katika Jimbo la Estonia. Latvia ya leo, kwa upande wake, iliundwa kwa kusini mwa Livonia, Jimbo la Courland, na wilaya za magharibi za Jimbo la Vitebsk. Mji wa Walk uligombaniwa na nchi zote mbili hadi msuluhishi Mwingereza, Stephen Tallents, alipougawa mwaka 1920: sehemu moja ni Valga ya Estonia, nyingine ni Valka ya Latvia. Ndiyo maana hatukubali fomu inayotaja nchi peke yake.

Mwombaji anatakiwa kujaza, kwa mpangilio huu: wilaya, usharika, jina la shamba kubwa la kabaila, kisha jina la mtu. Wengi huruka shamba wakidhani ni jambo dogo, na tumeshalieleza mara nyingi mno. Utwana, yaani mkulima kufungwa kwenye shamba la kabaila, ulifutwa Livonia mwaka 1819, na wakulima walipewa majina ya ukoo katika miaka ya 1820. Kabla ya hapo mkulima aliandikwa kwa jina lake, jina la baba yake na boma au shamba alikoishi. Bila shamba, Jaan mwana wa Jüri hatofautiki na kina Jaan wengine wa usharika huohuo.

Vitabu vya Kilutheri viliandikwa Kijerumani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kirusi, na mji wa Dorpat wenyewe ukaitwa Yuryev kuanzia 1893. Sasa ni Tartu. Tarehe ni za kalenda ya Juliasi, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku 12. Nakala yetu huonyesha tarehe kama ilivyo kitabuni, na hatuibadilishi hata mwombaji akisisitiza.

Fomu isiyo na wilaya hurudishwa, na ikiletwa upya hupangwa mwisho wa foleni. Nakala iliyothibitishwa kwa mhuri ikifutwa au kuongezwa neno, hata kwa nia ya kusahihisha tahajia, hubatilishwa, na suala hupelekwa kwa mwanasheria wa taasisi. Tunathibitisha kilichoandikwa kitabuni. Uamuzi kuhusu undugu, urithi au uraia ni wa mamlaka nyingine, na ofisa wa dawati haruhusiwi kuutolea maoni.